Ubeti wa Pili

Ndugu yangu Besi,

Pokea salamu nyingi wewe, shemeji na watoto, ingawa najua hao watoto sasa wana ndevu. Nimesikia mgongo unakusumbua kwa kule kuinama kuchomelea mageti. Kila nikisali nautaja. Sisi hatujambo. Shemeji yako presha imeshuka, na mimi macho ndiyo yameanza kunisaliti: kutunga uzi kwenye sindano namwomba mtu.

Gitaa bado ninalo. Napiga kwenye sherehe moja moja, na zile nyimbo zangu mbili zilizowahi kupigwa redioni nazitaja hata kwa mtu ambaye hajauliza. Lakini ninachokula kinatoka kwenye ufundi wa cherehani.

Mwezi uliopita niliitwa kubadilisha mkanda wa cherehani kwenye karakana anakoshona shemeji yako. Wako wanawake kumi na mmoja, wanashona sare za shule, na cherehani zote ni za miguu. Nilipofika mlangoni nikasimama. Walikuwa wanaimba, miguu yote inapanda na kushuka pamoja, na wimbo wenyewe ni wako, ule uliotuletea mazoezini enzi za bendi yetu, umeuandika nyuma ya kalenda.

Nikajifanya natafuta bisibisi, nikauliza wameutoa wapi. Shemeji yako akajibu bila kuinua kichwa kwamba aliusikia siku ile ile uliyotuimbia, ukamkaa, naye akawafundisha wenzake. Mwenye karakana akadakia kwamba wakiuimba mishono inanyooka, wasipouimba yeye anafumua mpaka jioni. Besi, kuna kitu kilinipanda kifuani, na hakikuwa furaha.

Nikawaambia ninao mzuri zaidi, wa redioni. Wakanipa nafasi. Ubeti haujafika nusu, mmoja uzi umemkatikia, wawili wanacheka. Mama mmoja mtu mzima, anayewatania wote, akaniambia fundi nisichukie, wimbo wangu ni mzuri kweli, wa kukaa kitini na soda, ila mguu unaukataa. Hata shemeji yako alicheka. Ule mkanda niliufunga upande, ikabidi nirudi kesho yake.

Sasa wimbo wako nausikia kila mahali. Binti yangu anambembelezea mtoto. Muuza maji anaupiga mluzi. Wangu hakuna anayeupiga mluzi, na mimi ndiye niliyebaki kwenye muziki. Nimekuonea wivu wewe uliyeuza gitaa ukanunua mashine ya kuchomelea, na wala hujui kama kuna mtu anakuimba.

Ndugu yangu, mwaka ule nilikuambia wenzetu wameukataa wimbo wako. Hawakuukataa. Waliupenda wote, mpiga ngoma akataka tufungulie nao onyesho. Niliyeukataa ni mimi, kwa sababu nilipousikia tu nilijua sijawahi kutunga kitu kama kile. Wao nikawaambia umeuondoa mwenyewe. Wewe nikakujia na uso wa msiba, nikakupa pole. Wiki ile ile ukauza gitaa.

Kwa Mungu nimetubu mara nyingi, maana kumwambia Yeye ambaye tayari anajua ni rahisi. Nilipomweleza shemeji yako, aliacha kukanyaga cherehani akanitazama. Nikamwambia nakuombea kila siku. Akasema niache kwanza kukuombea, nikuandikie.

Kuna jingine, na hili ni la juzi tu. Wale wanawake wanaimba ubeti mmoja, wanaurudiarudia, kwa kuwa ubeti wa pili shemeji yako hakuupata. Waliniuliza kama naukumbuka. Nikasema sikumbuki. Naukumbuka wote, Besi, mpaka pale unapopandisha sauti.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye tena. Ila kesho asubuhi nitakwenda niwaimbie huo wa pili, na niwaambie mwenye wimbo ni nani na anachomelea mageti wapi. Barua naiposti leo, kabla sijakwenda, nisije nikaghairi.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Ukinijibu kwa matusi, nitayasoma yote. Mungu akutunze.

Niliyekuwa mwenzako,
Solo