Tundu Chini ya Paa

Mjukuu wangu Neema, mke wangu mdogo, marahaba.

Huku Ulemo tu wazima, ila bibi yako bado anakuonea wivu. Unasema umeziba banda lote, na bado baridi ya Makete inakuulia kuku. Hapo umeuliza fundi! Shule niliishia darasa la nne, lakini kuku wananijua.

Kipupwe kimoja nilikandika banda la kuku la mama yangu udongo pande zote, nisiache hata tundu. Asubuhi kuku wakatoka wamelowa kwa pumzi zao wenyewe, wanakoroma.

“Wee, umewafuga au umewachemsha?” mama akauliza.

Akatoboa tundu chini ya paa, juu ya vichwa vyao, akatandika makapi makavu ya uwele. Wakapona wote. Majirani walipokuja kuiga, nikawaambia ni ufundi wangu. Mama akacheka tu.

Toboa leo, Neema. Wakikusifu, mtaje mama yangu.

Babu yako