Ua la Mke wa Kinyozi

3 Machi

Mume wangu,

Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, binti yetu anaendelea vizuri, mjukuu ananyonya na kulia kwa zamu. Mama yake bado hana nguvu, kwa hiyo nimemwahidi nitakaa mpaka lile ua langu la porini lichanue hapo uani. Usihangaike nalo. Liache litambae linakotaka, hata njiani. Likichanua tu niandikie, nipande basi.

Mkeo, bibi mpya

20 Aprili

Mke wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu njema, isipokuwa goti, unalijua lenyewe. Mjukuu mbusu. Ua halijachanua bado, lakini ukiliona hutalitambua. Lilikuwa limefika mpaka mlangoni bila hodi. Sasa limekaa mviringo, pembeni safi, wateja wakisubiri kunyolewa wanalisifia. Chai najipikia. Ya jana niliitia chumvi, nikainywa yote maana hapakuwa na wa kumlaumu.

Mumeo

2 Mei

Mume wangu,

Sisi wazima, mjukuu ameanza kucheka. Hebu nieleze, limekaaje mviringo? Ua lile nililiokota kando ya barabara miaka tisa iliyopita. Kila mwaka linakauka, linachipua lenyewe, na halijawahi kuwa na umbo hata siku moja. Niambie ukweli, mkasi uko wapi?

Mkeo

9 Juni

Mke wangu,

Natumaini hamjambo. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Mkasi ulikuwa mfukoni. Kila Jumamosi nikifunga kibanda nilikuwa nalipunguza kidogo. Miaka arobaini nanyoa watu, kitu kikisimama timutimu mbele yangu mkono unawasha. Vile vifundo vya kijani kwenye ncha nilidhani ni ugonjwa, nikavikata vyote, mara nne. Siku barua yako ilipofika nilimuuliza fundi viatu jirani. Akaniambia, "Mzee, hivyo vifundo ndiyo maua yenyewe." Nilikaa chini palepale.

Kumbe anayekuzuia kurudi ni mimi.

Mkasi nimempa fundi viatu, na kasema hata nikimlilia hanirudishii. Ua limeshaziba njia, mimi natokea mlango wa jikoni. Litachukua miezi miwili mpaka lichanue. Lenyewe linaweza kusubiri. Mimi siwezi, mke wangu. Nimekukumbuka mno na nyumba imenishinda.

Mumeo

18 Juni

Mume wangu,

Leo sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe. Barua hii haina stempu. Naiandikia stendi, begi liko miguuni, na gauni la safari mjukuu kashalitapikia. Nilipomwonyesha binti yako barua yako, alinifungia begi mwenyewe. "Nenda, mama. Mimi nimepona tangu mwezi wa nne, nilidhani wewe ndiye hutaki kuondoka."

Nitakupa mkononi, uisome mbele yangu. Nami nimekukumbuka sana, ila hilo kwa mdomo sitaliweza.

Mkeo