Simu kwa unga

Maiga uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Mama amebadilisha ile simu yangu ya zamani kwa unga wa mahindi wa arepa na jibini. Kwa Eudo, yule mchuuzi anayepita mtaani na toroli.

Ile yenye kripto, Maiga. Akiba yote ya kumpasulia mama jicho. Kila nikilipwa nilikuwa nanunua siku hiyohiyo, hizi pesa zetu za bolivari zisije zikashuka thamani na kuniozea mfukoni.

Nimemuuliza taratibu kabisa. Akanijibu, "Si ulisema pesa haimo kwenye simu, iko hewani? Si ulisema hata simu ikitumbukia ziwani, pesa iko palepale?"

Nilisema. Nilisema kweli, tena kwa kujidai, mbele ya majirani.

Nimekimbia kwa Eudo. Simu bado anayo, ila imefutwa yote. Ananiambia, "Mama yako mwenyewe ndiye aliyenisimamia. Aliniambia, futa kila kitu, mwanangu asije akaibiwa."

Na yale maneno ya siri ya kurudishia pesa? Niliyapiga picha, nikayaacha humohumo kwenye simu. Usinitukane, nishajitukana.

Silii. Sijui kwa nini silii. Nimerudi nimekaa tu.

Mama sijamwambia. Kaniletea arepa ya moto, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniwekea sahani. "Kula, mwanangu. Leo tumeshiba na hatujagusa hata senti ya jicho."

Nimekula. Nikaomba nyingine.