Maji Yanakula kwa Chini

Kabiro, Kawangware

Kasyoka mpwa wangu,

Sasa? Natumai huko kwenye meli ya utafiti, na baridi hiyo, bado una vidole vyote. Mimi mjomba wako ni mzima, tumbo linazidi kunitangulia, na cherehani yangu inanung'unika kunishinda.

Nimerudia kusikiliza maelezo yako ya sauti kwenye simu, kwa sababu kichwa changu ni kigumu. Kumbe ile barafu kubwa inayoelea kwenye ncha ya kusini huliwa kwa chini. Mkondo wa bahari unaleta maji yenye joto, yanapenya chini yake na kuila kimyakimya, na juu inaonekana nzima mpaka siku inapovunjika.

Basi nimekasirika, Kasyoka. Nyumba ya mamako pale Silanga iko hivyo hivyo. Maji ya Dam, lile bwawa la hapo nyuma, yanakula msingi, na landlord amemwaga simiti juu akapaka rangi. Ukikanyaga sakafu, inalia kama debe tupu. Nilipomwambia dada yangu ahamie kwangu, alinijibu, "Muia, wewe fundi wa suruali unajua nini? Kasyoka amesema nimngoje hapa hapa, anakuja kunijengea."

Ulisema hivyo kweli? Wewe, unayejua maji?

Jumapili nilibeba kitanda chake kwa mkokoteni, nikidhani atakifuata. Wapi! Analala juu ya meza, akikungoja.

Mpigie leo umwambie atoke. Kitanda nimekiweza. Mwenye kitanda ni wewe tu unayemweza.

Mjomba wako, na hasira zangu zote,
Muia