Ukuta Uliotoa Bluu

Kiganjo, Thika
3 Aprili 2025

Kwa Maitu Wamboi,

Wewe ni binti yangu, lakini jina ulilobeba ni la mama yangu, ndiyo maana nakuita Maitu, mama, na nitakuandikia kwa adabu. Kiasi. Hujambo? Magoti yanasemaje? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno manne yaliyobaki bado yanaelewana.

Nakuandikia kama mtu anayeyajua maji. Tangu nijenge nyumba hii kwa mikono yangu, hakuna tone lililowahi kuingia.

Haya, nimedanganya. Juzi mvua ilinyesha nikapata kiatu changu kimoja kimeelea mpaka mlangoni. Lakini mimi ni mzee peke yangu, hakuna anayekuja kunikagua. Wewe una chekechea.

Simu yako niliisikia nusu, maana sikio langu zuri lilikuwa limelaliwa. Nilichoshika ni hiki: kile chumba cha chini, ambacho mgongo wake umezikwa kwenye mteremko, kinatoa maji ukuta wa nyuma. Magodoro ya watoto yananuka. Bwana wa afya amesema akirudi mwezi wa tano akute pamekauka, la sivyo utafunga. Kama ni hivyo, usimrudishe yule fundi wa kupiga plasta ndani. Amepiga mara mbili, mara mbili imebambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Maji yako nje yanasukuma, yeye yuko ndani anapaka poda.

Mimi namshuku Karanja, jirani yako wa juu, yule wa kuosha magari. Nakuja Jumamosi. Usimwambie.

Mwanao, ambaye pia ni babako,
Njau


Kimbo, Ruiru
10 Aprili

Kwa Baba,

Natumai ulifika salama na kifua hakijasumbua. Sisi tu wazima, ila aibu.

Sikujua mkoba uliokuja nao ulijaa bluu ya kufulia nguo nyeupe. Umeimwaga kwenye shimo la maji machafu la Karanja, mchana, wateja wake wakitazama. Alipokuuliza ni nini, ukamwambia unamfulia shetani. Mpaka leo hanisalimii.

Siku nne maji yalikuja meupe tu, nikasema Baba amenigombanisha na mtu bure. Lakini leo asubuhi nimefungua chumba nikakuta ukuta unatoa bluu. Bluu kabisa, imechora mistari mpaka kwenye godoro.

Basi ulikuwa sawa. Nitamwendea nikipata jibu lako. Baba, nikifunga hii chekechea sina kingine. Tangu kiwanda kitutoe kazini ndiyo inaniweka, na hawa kina mama wa hapa wakienda kazini wataacha watoto na nani?

Binti yako, na mama yako kwa jina,
Wamboi


Kiganjo
12 Aprili

Kwa Maitu Wamboi,

Salamu hazina haja leo, najua uko vizuri kwa sababu mimi niko vizuri. Barua yako nimemsomea Boaz, yule anayeniuzia mkate, nikamsomea tena, mpaka akasema mikate inakauka.

Nilisema mimi? Nilisema. Mwambie Karanja azibe lile shimo, kisha aje kukuomba msamaha, na mimi aniandikie wangu. Akileta maneno, mwonyeshe godoro.

Mwanao mwenye akili,
Njau


Kimbo
14 Aprili

Kwa Baba mwenye akili,

Hujambo? Kaa chini kwanza.

Nilimwendea Karanja na barua yako mkononi. Hakubishana. Alivaa gambuti zake za mpira, akazunguka nyuma ya nyumba yangu akiangalia chini, akasimama kwenye nduma, yale magimbi yangu ya nyuma ya ukuta. Akaniita. Baba, mtaro wote wa nduma ni bluu. Mashina ni bluu. Hata chura mmoja.

Wewe siku ile, ulipoona Karanja anakuja, ulipotelea wapi na bluu iliyobaki? Karanja alicheka mpaka akakalia ndoo yangu ikavunjika.

Shimo lake linateremkia upande wa barabara, halinijii hata kidogo. Maji ni yangu mwenyewe. Ule mtaro niliuchimba ukiegemea ukuta, nikautandika nailoni ndani ili maji yakae, nikauelekezea maji ya jikoni na gata yote ya paa. Majirani walikuwa wanakuja kuzitazama nduma zangu. Na kila nikichimbua moja, jembe linatoboa nailoni. Nimekuwa nikiunywesha msingi wa nyumba yangu.

Fundi Uthman, siye yule wa plasta, ameuona. Anasema nduma zitoke zote, udongo ufukuliwe ukuta mzima wa nyuma, mpaka chini kwenye msingi. Na mvua iko njiani.

Binti yako,
Wamboi


Kiganjo
15 Aprili

Kwa Maitu Wamboi,

Hujambo wewe na chura wako?

Ile bluu ya pili niliimwaga kwa makusudi, nilikuwa napima kila upande. Usicheke. Kitaalamu ndivyo inavyofanywa.

Nduma usizililie. Zile ndefu zipeleke kwa Karanja, mtu aliyevunjiwa heshima hula vizuri. Hawa vijana wa siku hizi wanachimba wakiongea na simu, kwa hivyo kesho nakuja na sururu yangu. Usinibishie, mtoto hamkatalii mama, wala mama hamkatalii mtoto, na sisi hatujui nani ni nani.

Mwanao,
Njau


Kimbo
21 Mei

Kwa Baba,

Kiuno kinaendeleaje? Nisamehe kwa kukurudisha nyumbani ukiwa umelazwa kwenye gari la Karanja kama gunia. Ulikuwa umekwama mtaroni na bado unamtukana Uthman.

Sikuandika kwa sababu sikutaka kusema mapema. Ulipoondoka, Karanja alileta ile mashine yake ya kuoshea magari, akausugua msingi kwa maji ya nguvu mpaka mawe yakang'aa. Tukaona ufa, mrefu, unaingia mkono. Uthman aliungoja ukauke, akauziba kwa simiti yenye dawa, akapaka lami ukuta wote, akatandika nailoni mpya juu yake. Chini akalaza paipu yenye matundu, akaifunika kokoto, ikatokee kule mteremkoni. Udongo ukarudishwa ukilalia mbali na nyumba. Gata sasa inaingia kwenye tangi.

Kisha ikanyesha. Baba, ilinyesha wiki nzima, barabara ya Kimbo ikawa mto. Mimi nililala kule chini na watoto wa watu hawako, nimebandika mkono ukutani. Paipu nje ilikuwa inatapika. Ukuta, kimya.

Jana bwana wa afya alikuja, mvua bado inamwagika. Alipapasa ukuta. Akanusa godoro. Akavua kiatu, akazunguka chumba kizima na soksi, akaugeuza mguu akatazama unyayo. Soksi kavu. Akasema, "Mama, andika watoto." Karanja alikuwa mlangoni, akakimbia akapiga honi ya gari la mteja mpaka mteja akakasirika.

Leo nimeandika wapya. Wengine nimewaambia wangoje.

Mamako,
Wamboi


Kiganjo
24 Mei

Kwa Maitu Wamboi, mshindi wa maji,

Nimesoma. Nikaenda kusimama mlangoni ili Boaz asione uso wangu, nikamwambia ni moshi. Hakukuwa na moto.

Mwambie Uthman kwamba nilichomtukana nacho sikirudishi, lakini kazi yake nimeipenda. Mwambie Karanja aje Kiganjo, tunywe chai bila bluu.

Sasa neno dogo. Tangu mtaro ule kiuno hiki kimekataa kuinama. Vidole vya miguu naviona kwa mbali kama watu wa kata nyingine, na kucha zake zimeanza kutoboa viatu. Boaz nimemwomba, amesema yeye ni wa mkate tu. Wewe ulipokuwa mdogo nilikukata zako kila Jumapili, ukinipiga mateke ya mdomoni. Ni zamu yako. Njoo na mkasi mkali, na usije na wajukuu, wanacheka sana. Mateke nitajaribu kujizuia.

Mwanao,
Njau