Bakuli Langu la Majivu

Newala, Jumatano jioni

Wamenitengea bakuli. Siku zote kazini mimi na wenzangu tunabangua korosho pamoja, mikono tunapaka majivu ya bakuli moja ili mafuta ya maganda yasituunguze. Leo langu nimelikuta mlangoni, peke yake. Kumbe kuna mtu aliniona Masasi kwenye foleni ya dawa za ukimwi.

Mama Zuhura, niliyemwombea kazi mimi mwenyewe, hata hakunitazama.

Mchana msimamizi akaniita. "Mama Shaibu, kapumzike nyumbani mpaka tukuite."

"Mbona siumwi, baba?"

"Kapumzike."

Kiwanda cha serikali kilishafungwa, pengine pa kubangua hakuna. Na nauli ya kufuata dawa Masasi ilitoka kwenye ujira huo huo wa kubangua.

Vidonge vimebaki vya siku tisa. Na lile bakuli wameniambia niondoke nalo.