Mama, Tumekata Miguu ya Meza Yako

Mama,

Kabla hujasikia kwa wengine huko uliko, naomba usikie kwangu: meza yako imekatwa miguu. Usinune kwanza. Ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayekaa kwenye kibanda chako cha kupiga taipu pale karibu na soko. Kazi ipo. Siku hizi mahindi ananunua yeyote mwenye lori, na kila mwenye lori anataka mkataba uliochapwa. Watu wa Muze, kule bondeni, wanapanda mlima kuja huku na mpunga wao, wanarudi na karatasi. Mashine ni ile ile, meza ni ile ile uliyoondoka nayo ofisini walipowapunguza kazi. Ungefurahi.

Lakini mgongo, Mama. Maumivu yalianza mabegani, yakashuka hadi kiunoni. Nikakunja blanketi nikaliweka kitini kama ulivyokuwa ukifanya. Mikono ikapata nafuu, miguu ikabaki inaning'inia na kufa ganzi. Asubuhi moja nilishindwa kuinama kufunga viatu. Niliogopa. Kibanda kikifungwa, wadogo zangu hawana ada.

Nikamwambia Baba. Unajua alichonijibu. Yale yale aliyokuwa akikuambia wewe kila Jumamosi, ukiwa na jembe begani tayari kwenda shambani Malangali kuinua matuta: "Umekaa kwenye kiti wiki nzima, umechoka nini?" Nawe ulikuwa ukijibu taratibu, bila kumtazama, "Kukaa nako ni kazi." Halafu unakwenda kulima. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yako. Bado nina hasira, sikufichi.

Nikaenda hospitali. Mtaalamu wa viungo alinibonyeza uti wa mgongo, pingili baada ya pingili. Hakuniuliza nimebeba nini. Aliniuliza, "Unakaa juu ya nini, na meza inakufika wapi?" Nililia pale pale kitandani, mpaka yule baba wa watu akadhani ameniumiza. Miaka yote ile, Mama, hakuna aliyekuuliza hivyo.

Akanionyesha. Viwiko vilingane na mashine, mabega yalegee, nyayo zote zikanyage chini. Kila nikimaliza ukurasa ninyanyuke, nitembee kidogo. Na meza, akasema, ipunguzwe.

Baba alikataa katakata. Meza ya marehemu haikatwi. Shangazi naye akadakia, akasema hiyo meza ndiyo kumbukumbu yako pekee. Nikawajibu kwamba uliniachia kazi, hukuniachia sanamu. Ndiyo, nilisema hivyo mbele ya Baba. Ungenifinya.

Siku ya kurudi hospitali nilimwomba Baba anilindie kibanda. Wateja walikuwa wengi, akakaa mezani pako tangu asubuhi akiwaandikia shida zao kwa mkono ili nije kuzichapa. Nilimkuta jioni. Aliponiona alinyanyuka, na kabla hajafungua mdomo mkono wake ulikwenda kiunoni, pale pale ulipokuwa ukiweka wako. Tukatazamana. Akanikabidhi karatasi za wateja. Ulimi uliniwasha nimuulize amechoka nini, lakini nikafunga kibanda tu.

Kesho yake alikuja kibandani na msumeno. "Kaa," akaniambia. "Nionyeshe viwiko vinafika wapi." Akaweka alama kwa penseli, akapima mara ya pili, akaanza kukata. Alikata polepole sana, Mama, na kila kipande kilipoanguka alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Mama Tekla." Sikujua nifanye nini, nikaishika meza isitikisike.

Sasa nyayo zangu zinakanyaga chini. Mgongo bado unauma, haujapona kwa siku moja, lakini leo nimefunga viatu mwenyewe. Kibanda hakifungwi. Jumamosi hii Baba alikwenda shambani peke yake, akaniambia nipumzike. Najua hutaamini, muulize Shangazi akija huko, ila asije mapema.

Ahadi yangu ni hii. Yeyote atakayekaa kwenye kiti hiki baada yangu, nitamuuliza kwanza meza inamfika wapi. Na mtu akiniambia kukaa kumemchosha, nitamwamini.

Lala vizuri, Mama. Unyooshe mgongo. Ukurasa wangu umeisha, ngoja ninyanyuke.

Mwanao,
Tekla